Haki ya Kuzama

Sakafu ilipoanza kupanda, Chiku Ndahani alikuwa amejilaza chini ya maji, macho wazi, akisubiri bega lake la kulia lirudishe nguvu. Mtetemo ndio uliomfikia kwanza, kama lori linalopita barabara ya mbali. Usithubutu, alisema moyoni.

Sakafu ikathubutu. Vigae vyenye matundu vilimgusa mgongo, vikambeba taratibu, maji yakichuruzika kandokando yake kama yanavyochuruzika kwenye chujio la chai. Kufumba na kufumbua alikuwa amelala kwenye jua kali la Dodoma, mbele ya watu wote wa Bwawa la Nzuguni, kama perege juu ya meza ya muuzaji.

"Pole," ilisema sauti ya mtambo, laini kama ya mtangazaji wa redio. "Umeokolewa. Tafadhali baki ulipo."

Watoto wa shule waliokuwa wamepanga foleni ukingoni wakapiga makofi. Ndivyo walivyofundishwa: mtu akiokolewa, mnapiga makofi.

"Sijaokolewa!" Chiku alifoka, akijiinua kwa kiwiko. "Nimekatizwa!"

Makofi yakafifia. Mbilinyi, meneja wa bwawa, alikuja akitembea haraka kadiri kitambi chake kilivyomruhusu, taulo begani. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomchosha Chiku kuliko ukali wa mtu mwingine yeyote.

"Injinia, pole sana. Nipe mkono nikutoe."

"Ishushe."

"Unajua haishuki mpaka aliyeokolewa ametoka. Wewe ndiye uliyeipanga hivyo."

"Najua nilivyoipanga. Sitoki."

Akakaa. Alikunja mguu wa kulia, akauvuta wa kushoto kwa mkono kama mtu anayesogeza mzigo, akatulia katikati ya sakafu iliyogeuka kuwa uwanja. Upande wote wa kina kirefu ulikuwa umekauka. Watu walianza kunung'unika. Kijana mmoja mwenye miwani ya kuogelea akamwambia, "Mama, hebu tuachie bwawa, wengine tumeomba ruhusa kazini." Chiku akamjibu kwamba hata yeye alikuwa akiogelea kabla ya kuanikwa. Vigae vilimuunguza mapaja. Mwalimu aliwakusanya watoto wake, akawarudisha kwenye basi. Jua lilikuwa limefika utosini Mbilinyi alipochuchumaa mbele yake, jasho likimdondoka kwenye ndevu.

"Haya, dada yangu. Unataka nini?"

"Ufunguo wa chumba cha mitambo."

* * *

Kabla ya kiharusi, Chiku ndiye aliyeongoza mafundi waliofunga mtambo wa Mlezi katika mabwawa yote ya mji. Hiyo ilikuwa baada ya mafuriko makubwa, pale ilipopitishwa sheria kwamba kila mtoto wa nchi hii ajifunze kuogelea, na kwamba hakuna atakayekufa akijifunza. Ahadi hiyo ilikuwa nzuri na Mlezi aliitimiza. Tangu afungwe, hakuna aliyezama.

Kisha asubuhi moja damu iliziba njia kichwani mwa Chiku, na upande wake wa kushoto ukaaga. Alijifunza upya kushika kijiko, kutamka jina lake, kupanda ngazi. Kuogelea alijifunza mwenyewe, katika bwawa la shamba la rafiki yake kule Kongwa, bwawa lisilo na mtambo wowote. Alipiga maji kwa mkono mmoja na mguu mmoja, na bega lilipochoka alijiachia, akashuka hadi chini, akapumzika, kisha akajisukuma kwa mguu mzima na kupaa tena. Hakukuwa na uzuri wowote wa kutazama. Lakini majini hakuhitaji gongo, wala hakuna aliyemshika kiwiko.

Sasa alisimama katika chumba cha mitambo cha Nzuguni akinusa klorini na grisi, na moyo wake ukatulia kidogo. Hapa hakuna aliyemwita mgonjwa.

Mitambo ilikuwa miwili, imetazamana. Ule wa zamani, Kipimo, uliendesha bwawa dogo la watoto wachanga: sanduku la kijivu lenye taa chache na kioo kilichopasuka pembeni. Kipimo kilijua maji tu. Klorini ikipungua kiliongeza, chujio likiziba kililalamika, pampu ikivuta hewa kilizima na kupiga king'ora mpaka mtu aje. Kwake, mtoto na gogo vilikuwa kitu kimoja. Mlezi, aliyejaza ukuta mzima, alijua maji na watu pia. Alikuwa na macho chini ya bwawa na masikio kwenye kuta zake, na kwenye jambo la kufa na kupona hakumsubiri mtu yeyote.

Chiku alianza pale anapoanza kila fundi, kwenye uchafu. Alimwomba Mbilinyi amtolee kamera za chini moja baada ya nyingine, akazifuta ukungu wa mwani uliokuwa umeota kwenye vioo. Alisikiliza bomba la kufyonza kama linaingiza hewa, maana mapovu humziba Mlezi masikio, akakuta liko salama. Alichukua kipima-maji cha sanduku la zamani, akakitumbukiza kwenye tangi la mtambo mpya kulinganisha: klorini ile ile, tindikali ile ile, maji angavu kwa wote wawili. Alizijaribu jeki zinazonyanyua sakafu, moja moja. Zilipanda na kushuka bila kukwama.

"Umeona hitilafu?" Mbilinyi aliuliza. Sauti yake ilionyesha kwamba alitamani iwepo, kamera mbovu au waya ulioliwa na panya, kitu cha kubadilishwa na kusahauliwa.

"Bado. Nifungulie picha zake."

Alitazama kumbukumbu za Mlezi amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Alijiona mwenyewe kutoka chini, mwili mweusi juu ya mwanga, mkono mmoja ukichapa maji, kisha ukishuka, ukishuka. Picha ikakatika sakafu ilipompandia. Chini yake Mlezi alikuwa ameandika: *Maisha yameokolewa.* Alifungua nyingine. Mtu mwingine safari hii, yule kaka aliyekuwa akija na mguu wa bandia na kuuacha ukingoni. Naye alishuka, picha ikakatika. *Maisha yameokolewa.* Mzee mnene aliyependa kukaa chini na kutazama juu. Ameokolewa. Wote hao hawakuja tena.

Chiku aliganda, mkono kwenye skrini.

"Bwana Mbilinyi. Kila usiku mtambo huu unajifunza kutoka kwenye picha za mchana, si ndiyo?"

"Ndiyo. Ndiyo maana unazidi kuwa hodari."

"Na nani anayeuambia kwamba umepatia?"

Mbilinyi alifikiri. "Si imeandikwa hapo. Maisha yameokolewa."

"Na aliyeandika ni nani?"

Meneja akainama kuisoma tena skrini.

"Ni mwanafunzi anayejisahihishia mtihani wake mwenyewe," Chiku alisema. "Akininyanyua, anajipa alama. Kesho ananinyanyua mapema zaidi. Hajawahi kuniona nikimaliza kupumzika, kwa sababu hajawahi kuniacha nimalize. Angeniacha mara moja tu, angeniona nikipaa."

"Au asikuone ukipaa."

Chiku aliurudia mtambo. Alijua wapi pa kugusa: kulikuwa na namba moja iliyoamua uvumilivu wa Mlezi, muda ambao angemtazama mtu ametulia chini kabla ya kuita jeki. Aliiongeza mpaka ikamtosha yeye. Kisha, kwa kuwa ni injinia na si mtu wa kujidanganya, alitafuta picha ya Sekela.

Mji mzima uliijua picha hiyo. Mtoto wa kike mwenye kofia ya njano, ameteleza kutoka ukingoni bila sauti yoyote huku watu wazima wakicheka hatua chache kutoka kwake. Sakafu ndiyo iliyomnyanyua akiwa hai. Chiku alimwonyesha Mlezi picha hiyo upya, akiwa na uvumilivu mpya. Kofia ya njano ikashuka. Mlezi akavumilia. Viganja vidogo vikafunguka. Mlezi bado akavumilia.

Chiku aliizima kabla haijaisha. Alirudisha namba ilipokuwa.

Mbilinyi alikohoa. Alifungua droo, akatoa bangili nyeusi ya mpira, zile wanazovaa wafanyakazi wanaopiga mbizi kusafisha sakafu. Mlezi hamgusi mwenye bangili. Kwake huyo ni kama hayupo.

"Chukua," alisema, akitazama pampu badala ya kumtazama yeye. "Uje asubuhi kabla ya watu. Mimi sijaona kitu."

Ilikuwa nyepesi ajabu kiganjani. Angeweza kuogelea kesho. Angeweza kuogelea kila siku mpaka azeeke.

"Na yule kaka mwenye mguu wa bandia naye utamgeuzia kisogo?"

"Injinia, nakusaidia wewe."

"Najua, na nakushukuru. Lakini mimi nilipata mlango huu kwa kuwa nilijenga nyumba. Nikiingia kupitia dirishani nikawaacha wenzangu nje, nitakuwa nimefanya nini?" Akamrudishia. "Iite kamati. Nitaivaa mchana, au sitaivaa kabisa."

* * *

Kamati ya bwawa ilikutana chini ya paa la mabamba ya umeme wa jua, mezani kukiwa na chai na karanga. Mwenyekiti wake alikuwa mama wa Sekela mwenyewe. Mama Sekela aliuza vitenge Majengo, na tangu siku ile ya kofia ya njano alikuwa amezunguka mji hadi mji akihimiza sakafu kama hii ifungwe. Hakuwa mtu wa kubezwa, na Chiku hakumbeza. Alieleza alichokiona chumbani, hata ile sehemu iliyomuumiza: kwamba alijaribu kuongeza uvumilivu na kwamba Sekela asingepona.

Mama Sekela aliweka kikombe chini. "Ulimwachia mwanangu azame? Kwenye mtambo?"

"Ndiyo. Nilitaka kujua. Ndiyo maana namba nimeirudisha, na siombi iguswe. Mtoto wako na wa mwenzako waendelee kulindwa vilevile. Naomba mtu mzima akitaka, na akisema kwa kinywa chake, Mlezi amwache."

"Amwache azame."

"Amwache apumzike. Na akizama, azame, ndiyo. Mama Sekela, kila mwenye miguu miwili anavuka barabara na hakuna sakafu inayomnyanyua."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, dada yangu. Mimi sicheki na hilo neno." Sauti yake ilipanda. "Unasema ni uhai wako. Haya, wako. Lakini hutakufa peke yako chumbani. Utakufa hapa, mbele ya watoto wetu. Na nani atakutoa? Huyu?"

Alimnyooshea kidole Tausi, mwokoaji wa bwawa, mwanamke mrefu mwenye mabega ya muogeleaji, aliyekaa mwisho wa meza. Tausi alitazama chini.

"Semeni kweli," Mama Sekela aliendelea. "Tangu sakafu ifungwe, huyu binti amewahi kumtoa mtu majini?"

"Sijawahi," alisema Tausi. "Nagawa taulo. Mama, na mimi niseme? Nilifunzwa kuokoa. Nilikuwa wa kwanza darasani. Sasa nikilala naota mtu anazama na mikono yangu imesahau. Hainipi raha kulindwa na sakafu. Inanitia hofu siku itakayokwama."

Mbilinyi alijaribu kuleta suluhu. Alisema kuna wazo la kumtengea Injinia na wenzake saa maalumu kwenye bwawa dogo, maji ya kiunoni, na viti ndani yake.

"Sina haja ya kiti," Chiku alisema. "Viti ninavyo nyumbani. Nyinyi mnaniambia niwe hai, na mimi nawashukuru, lakini mnataka niwe hai kama chungu kilichowekwa kabatini kisivunjike. Sikubali. Nitakuja kesho bila bangili. Mlezi ataninyanyua, nami nitakaa. Kesho kutwa nitakuja, nitakaa. Mtanibeba kila siku, na watoto watawauliza kwa nini mnambeba yule mama anayepiga kelele, mtawajibu wenyewe."

Mtu mmoja aliguna, mwingine akacheka kisha akajizuia. Mama Sekela alisukuma pembeni kikombe chake.

"Jaribio moja," mama yule akasema hatimaye. "Tausi aingie naye majini. Na mimi niwepo, nione kwa macho yangu. Likienda vibaya, mjadala umekufa."

* * *

Waliochaguliwa kutazama walikuwa wachache, lakini habari husafiri. Ukuta ulikuwa umejaa watu. Chiku alivaa bangili hadharani, akainua mkono wote waione. Mbilinyi alimshusha kwa ngazi. Tausi alikuwa tayari ndani, akikanyaga maji, midomo mikavu ingawa uso ulikuwa umelowa.

"Usinishike mpaka nihitaji," Chiku alimwambia.

"Nitajuaje, dada?"

"Sijui. Nitazame."

Akaanza. Mkono ulichapa, mguu ukasukuma, maji yakampokea kwa ule ukarimu wake usiouliza maswali. Bega lilipochoka alijiachia. Alishuka kwenye ubuluu, mgongo ukatua kwenye vigae, na hapo akasubiri mtetemo.

Haukuja. Sakafu ilibaki sakafu. Juu yake mwanga ulitikisika, na kivuli cha Tausi kilining'inia, hakimgusi. Chiku alikaa pale hadi furaha ikambana kifua kuliko hewa, kisha akajisukuma, akapaa. Ukutani watu walipiga kelele. Akashuka tena, akapaa tena. Ukingo wa mbali ulikuwa unakaribia.

Mara ya mwisho aliposhuka, mguu wa kulia ulikaza. Msuli wa paja ulijifunga kama fundo la kamba ya katani. Alijaribu kujisukuma, mguu ukakataa. Mkono peke yake haukutosha. Alipanda kidogo, akarudi. Hofu ilimwingia baridi, na akafungua kinywa pasipo kukusudia. Maji yakaingia. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuogelea upya, Chiku alikuwa anazama kwelikweli, na chini yake sakafu ilitulia, tiifu, kama alivyoidai.

Mkono ulimpita chini ya kwapa. Haukuwa laini, ulimvuta kwa nguvu iliyomuumiza mbavu. Akatokeza juani, akakohoa, akatapika maji, kichwa chake kikiwa juu ya bega la Tausi.

Walimlaza ukingoni. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Sekela alikuwa amesimama mikono kichwani, machozi yakimtiririka, na alipopata sauti ilikuwa ya hasira.

"Umezama! Nimeona! Nimekuona kama nilivyomwona mwanangu!"

"Nimezama," Chiku alikubali, sauti ikimkwaruza. "Sibishi."

"Basi imetosha. Jaribio limeshindwa."

Chiku aligeuza kichwa kumtazama Tausi. "Nilishuka mara nyingi. Mbona nyingine zote uliniacha?"

Tausi alifuta uso. "Ukipumzika uso wako unalegea, dada. Kama mtu aliyelala. Safari hii haukulegea. Na vidole vya mkono ule wa kushoto, vile usivyovitumia, vilikunjika."

"Vilikunjika?" Chiku alijiinua. Hakuna daktari aliyewahi kumwambia hilo, wala yeye hakuhisi. "Mlezi ana kamera ya kuona vidole. Hakuna aliyewahi kumwambia avitazame." Alimgeukia Mbilinyi. "Picha zipo? Zote, za kupumzika na ya kuzama?"

"Kamera zilikuwa zinarekodi. Ila Mlezi hajaandika kitu. Kwake hukuwepo."

"Safi. Basi safari hii ataandika Tausi. Huyu alilegea, huyu alikunja. Lakini siku moja ya mtu mmoja haimfunzi mtu kitu. Yule kaka mwenye mguu wa bandia aitwe, na yule mzee. Waje na bangili, na Tausi atafutiwe wenzake wa kumsaidia. Tutamfundisha mtambo huu kutofautisha, hata kama tutakunywa maji kidogo."

"Na mmoja wenu akifa mkimfundisha?" Mama Sekela aliuliza.

Chiku alijifuta maji kinywani kwanza.

"Atakuwa amekufa akiogelea, na nitakuja kwako kwanza, mimi mwenyewe, kukuambia. Siwezi kukuahidi zaidi. Lakini siwezi tena kunyanyuliwa."

Alianza kujikokota kuelekea ngazini. Paja lilimuuma, koo lilimchoma. Mbilinyi alisema, "Injinia, leo pumzika," naye akasema kwamba alikokuwa anakwenda ndiko kulikokuwa na mapumziko. Tausi aliinuka bila kuambiwa, akaingia majini kabla yake.

Mama Sekela alitazama kamati, kamati ikamtazama yeye. Hakuna aliyenyanyua mkono kupiga kura. Kisha mama yule akavua viatu vyake, akapandisha kitenge magotini, akakaa ukingoni na kutumbukiza miguu ndani. Alishtuka maji yalipomgusa. Tangu siku ya mwanawe hakuwa amekubali hata tone la bwawa lile limfikie.

"Sijakubali," alisema, sauti imekaza. "Sikia vizuri. Sijakubali hata kidogo. Nakaa hapa, na nikiona umekunja kidole kimoja, kimoja tu, nitapiga yowe mpaka Kongwa wasikie."

"Piga," Chiku akasema, akaiachia ngazi.